Je, Chombo Kina Dhambi?

Masomo: Mwanzo 4:17-22; 1 Wakorintho 8; Amosi 5:21-24



Kuna swali limekuwa likizunguka katika ushirika wa nyumbani, na kila likizuka watu wanagawanyika. Ndugu ameokoka. Kabla ya wokovu alikuwa fundi wa akogo, yule mtu ambaye mtungi wa ajono ukiwekwa katikati na mirija ikatolewa, yeye ndiye anaitwa. Sasa anasema: kipaji hiki Mungu ndiye alinipa, naomba nimpigie Yeye. Tumruhusu? Na yule kijana wa isukuti aliyezoea kupiga matangani usiku kucha, naye je? Na adungu kutoka ng'ambo?

Wengine wanajibu haraka, "Ngoma ni ngoma, alete." Wengine wanajibu haraka vilevile, "Hicho ni chombo cha shetani, akichome." Jambo lenyewe halitaki haraka, kwa sababu katikati yake yuko mtu. Tukikosea upande mmoja tunamrudisha ndugu dhaifu kwenye mtungi. Tukikosea upande wa pili tunamwambia ndugu mwingine kwamba mikono aliyopewa na Mungu haina kazi katika nyumba ya Mungu, na huyo msishangae mkimkosa kwenye viti kabla mwaka haujaisha.

Kwa hivyo wiki hii naomba twende polepole. Tuanze mbali kidogo, na chombo ambacho hakuna mtu Busia wala Malaba angekishuku: kinanda cha kanisa.

KINANDA CHA MKUNAZINI

Kule Unguja, mtaa wa Mkunazini, kuna kanisa kuukuu la Waanglikana linaloitwa Kanisa la Kristo. Ndani yake kuna kinanda cha mabomba, ambacho wengine hukiita ogani, kilichotengenezwa na kampuni ya Henry Willis ya London. Msifikirie kinanda hiki chetu cha kuchomeka kwa stima. Kinanda cha mabomba kinaimba kwa upepo. Mabomba yamesimama kwa safu, mengine ya mbao, mengine ya risasi na bati, na kila bomba lina sauti moja tu. Bomba fupi hutoa sauti nyembamba, refu hutoa sauti nzito; kuna ya urefu wa futi 8, na katika vinanda vikubwa ya futi 16. Mpigaji akibonyeza, kimlango kidogo kinafunguka chini ya bomba, upepo unapanda, bomba linalia. Akiachilia, kimlango kinajifunga na bomba linanyamaza.

Na huo upepo unatoka wapi? Zamani, kabla ya mota za umeme, ulitoka kwenye mivukuto. Wazee wa Samia wanaijua mivukuto. Ndiyo wahunzi wao walitumia kuchochea moto wa kufua majembe. Kando ya kinanda, au nyuma yake mahali pasipoonekana, alikaa mtu, mara nyingi kijana, kazi yake ni kusukuma mti wa mivukuto tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Jina lake halikutangazwa. Lakini akichoka yeye, mpigaji anaweza kubonyeza vidole mpaka viume na hakuna kitakachosikika. Bomba halina pumzi yake lenyewe. Sisi watu wa Pentekoste hatuhitaji kufafanuliwa sana hapo.

Sasa kanisa hilo limesimama wapi? Limesimama mahali palipokuwa na soko la watumwa. Mwaka 1873 Sultani Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alikubali mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na Krismasi ya mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale. Askofu Edward Steere, yule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, ndiye alisimamia ujenzi, na ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Wenyeji wa pale wanasimulia kwamba madhabahu iko mahali palipokuwa na mti wa kufungia watumwa na kuwachapa viboko.

Hebu fikiria. Mahali ambapo mama aliuzwa huku na mtoto akauzwa kule, ndipo watu wanasimama kuimba. Wewe ungesema ardhi ile imelaaniwa, isiguswe? Ama ungesema hapo ndipo hasa sifa inafaa ipande? Steere na wenzake walichagua la pili. Tushike hilo, tutalirudia.

CHOMBO KILICHOTOKA KWENYE DAMU

Wengi wetu tunadhani kinanda cha mabomba kilizaliwa kanisani, kikabatizwa siku hiyohiyo. Sivyo. Kilizaliwa hapa hapa Afrika, mjini Aleksandria huko Misri, katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Aliyekibuni aliitwa Ktesibios, na inasimuliwa kwamba alikuwa mwana wa kinyozi. Alitumia uzito wa maji kuufanya upepo utoke sawasawa bila kurukaruka, kwa hivyo watu wakakiita kinanda cha maji.

Warumi walikipenda. Na walikipeleka wapi? Walikipeleka kwenye viwanja vya michezo, ile michezo ya damu. Kule Zliten, nchini Libya, ilifukuliwa sakafu ya nyumba ya zama za Warumi iliyonakshiwa kwa vijiwe vya rangi. Picha zake zinaonyesha wapiganaji wa panga, na watu waliohukumiwa wakitupiwa wanyama wakali. Na kando yao kuna mtu ameketi kwenye kinanda, anawapigia muziki.

Yaani chombo ambacho leo tukisikia tunasema, "Eeh, hiyo ndiyo sauti ya kanisa," watu waliraruliwa kikilia. Wakristo wa kwanza walivijua viwanja vile, kwa sababu wenzao walifia humo. Haishangazi kwamba kwa karne nyingi walimu wa kanisa hawakutaka vyombo ibadani. Ndugu zetu Waorthodoksi, wengi wao mpaka leo wanaimba kwa sauti tupu.

Basi kiliingiaje? Polepole sana, na kwa njia ambayo huwezi kuiita ya kiroho. Mwaka 757 Kaisari wa Konstantinopoli, Constantine wa Tano, alimtumia Pepin, mfalme wa Wafranki, kinanda kama zawadi. Ilikuwa zawadi ya wakubwa kwa wakubwa, mambo ya siasa. Ikapita zaidi ya miaka 200 ndipo kikazoeleka katika monasteri na makanisa makubwa ya Ulaya. Karibu mwaka 1000 mtawa mmoja wa Winchester, Uingereza, jina lake Wulfstan, aliandika shairi kuhusu kinanda cha kanisa lao, akasema kilihitaji watu 70 kusukuma mivukuto. Hata kama alitia chumvi kama washairi wanavyofanya, ni wazi kelele ilikuwa kubwa. Tusidhani spika za Malaba ndizo za kwanza kuamsha kijiji.

Kisha wakati wa Matengenezo ya Kanisa ugomvi ukarudi. Martin Luther alipenda muziki na akauacha. Zwingli wa Zürich aliukataa, na kinanda cha kanisa kubwa la mji ule kikavunjwa mwaka 1527. Uingereza mwaka 1644 Bunge lilipitisha amri vinanda viondolewe makanisani. Hawa wote walikuwa watu wanaosoma Biblia na kuomba kwa machozi. Mmoja akasema bila chombo hiki ibada ni kavu, mwingine akasema kikiwepo chombo hiki hiyo si ibada. Baadaye vikarudishwa, na leo wajukuu wa wale waliovivunja wanachanga pesa kuvikarabati.

NA NGOMA JE?

Sasa tulete hesabu hiyo nyumbani. Wamisionari walipofika kwetu, wengi wao walikuja na nyimbo zao na vinanda vyao vidogo vya kukanyaga. Walipoulizia ngoma waliambiwa "ngoma", na hapo palikuwa na shida ya lugha pia, kwa sababu kwa Kiswahili neno hilo moja ni chombo, ni mchezo, na ni sherehe nzima pamoja na yanayofanyika gizani pembeni yake. Kwa hivyo waliposema waongofu waache ngoma, vyote vilikwenda kwa mkupuo mmoja. Mtungi ulipokatazwa, na mbao na ngozi ya ng'ombe vikakatazwa pamoja nao.

Ajabu ni kwamba ngoma hiyohiyo iliitwa kufanya kazi ya kengele. Pale Namirembe, Kampala, kanisa kuu la Mtakatifu Paulo lililowekwa wakfu mwaka 1919 lina kinanda chake cha mabomba ndani, na lina ngoma zake za kuwaita watu waje ibadani. Kwa miaka mingi mpango wa misheni sehemu nyingi ulikuwa huo: ngoma inaruhusiwa kuita watu, hairuhusiwi kuimba nao. Inafika mlangoni, inasimama.

Si wote waliokubali ibaki mlangoni. Hapa kwetu Magharibi mwaka 1942 Daudi Zakayo Kivuli, ambaye alikuwa mtumishi katika kazi ya misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori, alianzisha kanisa ambalo leo tunalijua kama African Israel Nineveh. Sababu za kutengana zilikuwa kadhaa, si suala la ngoma tu. Lakini mmewaona Jumapili, kanzu nyeupe, bendera, wanatembea barabarani wakiimba, na ngoma iko mbele yao. Mnaweza kutofautiana nao kwa mafundisho. Lakini mtu akisema ngoma haiwezi kumtaja Yesu, aende asimame kando ya barabara asikie.

Na hata hili neno "kinanda" lina historia yake. Pwani, kabla ya kanisa kulichukua, kinanda kilikuwa chombo cha nyuzi cha kupigwa kwenye sherehe na starehe. Sisi tumelikuta limeshakaa kwenye Zaburi 150 na hatujauliza lilitoka wapi. Ukitaka kusema, jina lenyewe liliokoka kabla yetu.

Biblia inakubaliana na hayo. Soma Mwanzo 4. Mtu wa kwanza anayetajwa kuwa baba wa wapigaji wa kinubi na filimbi ni Yubali. Yubali ni mtoto wa nani? Wa Lameki, yule aliyejisifia kuua. Na Lameki ni uzao wa Kaini. Muziki wa vyombo, kwa maelezo ya Biblia, umetoka katika ukoo wa muuaji. Lakini Daudi alipiga kinubi, Sauli akapata nafuu. Mungu hakumwambia Daudi kwanza atubu kwa niaba ya Yubali.

Tazama pia dhahabu. Waisraeli walitoka Misri na dhahabu ya Wamisri (Kutoka 12). Katika Kutoka 32 dhahabu hiyo inakuwa ndama. Katika Kutoka 35 watu haohao wanaleta dhahabu, inakuwa vyombo vya hema la Bwana. Dhahabu ilikuwa ileile ya Misri. Mikono na moyo ndivyo vilibadilika.

Kwa hivyo naweza kusema bila kuogopa: mbao, ngozi, waya na chuma havina dhambi. Na kama mtu bado ana shaka, nimuulize hivi. Kinanda cha stima tulicho nacho mbele ya kanisa ni cha aina ileile inayopigwa Jumamosi usiku kwenye klabu. Gita la besi ni lilelile. Spika ni zilezile. Hakuna aliyeziambia zitoe ushuhuda kabla ya kuingia. Akogo peke yake ndiyo tunaiuliza, "Ulikuwa wapi jana?" Kwa nini? Tuwe wakweli. Mara nyingi ni kwa sababu kimoja kilikuja kwa ndege na kingine kilitoka Amukura.

LAKINI SIKIO LINAKUMBUKA

Sasa nisikilizwe vizuri, kwa sababu hapa wengi wanapenda kufunga mjadala na kusema amina. Kusema chombo hakina dhambi si mwisho wa maneno.

Paulo alikutana na swali kama hili Korintho. Nyama iliyopelekwa kwa sanamu, Mkristo aile ama asile? Paulo anaanza kwa kukubali kwamba sanamu si kitu, kwa hivyo nyama ni nyama. Mpaka hapo yuko pamoja na watu wa "alete tu". Halafu anageuka. Anasema kuna ndugu ambaye jana tu alikuwa kwenye sanamu. Akila nyama ile, moyo wake unarudi kule ilikotoka. Kwake yeye nyama haijawa nyama bado. Na kwa ajili ya huyo mmoja, Paulo yuko tayari kutokula nyama kabisa.

Chombo hakina dhambi, lakini sikio lina kumbukumbu. Yuko mama ambaye mlio fulani ukianza anakumbuka siku ya matanga ambayo maisha yake yaliharibika. Yuko kaka ambaye miaka kumi ya ulevi wake ilikuwa na muziki mmoja chini yake, na mwili wake unaukumbuka kuliko kichwa. Ukimwambia mtu huyo, "Jikaze, chombo hakina dhambi," umesema kweli na umemuumiza. Kanisa si mahali pa kushinda hoja na kupoteza ndugu.

Lakini kuna kitu lazima tutenganishe. Siku hizi makanisani tunasema sana, "Nimekwazika." Mchungaji amehubiri muda mrefu, nimekwazika. Dada amevaa rangi fulani, nimekwazika. Tukisema hivyo tunamaanisha nimeudhika, sijapenda. Paulo hakuzungumzia kuudhika. Kukwaza kwake ni kule kwa kweli: mguu umegonga jiwe, mtu ameanguka, anarudi kwenye maisha yaliyomuua. Ndugu dhaifu wa 1 Wakorintho 8 ni yule ambaye anaweza kuangamia. Si yule mzee mwenye kiti cha mbele, ambaye ana miaka 40 katika wokovu, hajawahi kugusa ajono wala akogo, na hana hatari yoyote ya kuanguka kwa sababu ya mlio wake. Huyo haupendi tu. Tunamheshimu, tunaweza hata kumpunguzia sauti, lakini asijiite dhaifu ili awe na nguvu ya kuwanyima wengine. Anayejiita dhaifu kwa nia hiyo anatawala, na udhaifu ni jina tu.

Na mara nyingi anayejua hatari ya chombo kuliko sisi wote ni yule yule mpigaji. Mwulize yeye kwanza. Wapo watakaosema, "Pasta, mimi nikishika akogo bado nasikia kiu. Nipe mwaka." Huyo ana hekima, mwache apumzike, na asishurutishwe eti tunataka kupamba ibada kwa mila. Na wapo watakaosema, "Mimi niliiacha mlangoni kwa sababu mliniambia, si kwa sababu ilinifunga." Huyo tumemdai kitu ambacho Mungu hakumdai.

KINACHONAJISI SIFA

Turudi Mkunazini kidogo. Nilisema tushike hilo la kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa. Kuna hatari mbili mahali kama pale. Ya kwanza ni kudhani pamelaaniwa milele. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kudhani kwamba ukishaweka kinanda kizuri juu yake, basi kilichotendeka pale kimeisha. Muziki mzuri unaweza kufunika kilio. Hakuna kitu kinafunika kilio vizuri kama kwaya iliyofanya mazoezi.

Amosi alilijua hilo. Soma sura ya 5. Watu wa siku zake walikuwa na nyimbo, walikuwa na vinubi, sadaka zilikuwa nono. Na Mungu anasema hataki hata kuzisikia. Tazama sababu. Hasemi vinubi vyao vilitoka kwa wapagani, wala kwamba walipiga kwa mtindo mbaya. Anataka hukumu ya haki itiririke kama maji. Wenye vinubi walikuwa haohao wanaowakanyaga maskini na kupokea rushwa langoni.

Langoni! Wapendwa, sisi tunaishi langoni. Busia ni lango, Malaba ni lango. Trela zimepanga foleni, boda boda wanavuka, akina mama wamebeba mahindi na samaki na mitumba, pesa za nchi mbili zinabadilishwa mchana kutwa. Amosi akija leo hatauliza tunapiga akogo ama kinanda. Atauliza kipimo cha gorogoro kikoje. Atamuuliza anayebadilisha pesa kama yule mama kutoka kijijini asiyejua bei ya leo alipewa haki yake. Atauliza ile noti iliyokunjwa ndani ya karatasi za mizigo ilikwenda wapi, na kama fungu la kumi la noti hiyo lililetwa hapa, nasi tukasema haleluya.

Na atauliza kanisa pia. Kanisa likinunua spika mpya huku mlinzi wake wa usiku hajalipwa miezi mitatu, spika hizo zinapigwa kwa upepo wa nani? Yule kijana wa mivukuto nyuma ya kinanda, ambaye hakuna anayemjua, ndiye Mungu anamwangalia kwanza. Kama yeye analala njaa, wimbo wote umechafuka, hata kama kila sauti iko mahali pake.

Basi tunapogombana juu ya chombo gani ni safi, tuangalie tusije tukawa tunajificha. Ni rahisi kukagua ngoma. Kukagua mizani ni kazi.

NA KITAKATIFU JE?

Kama hakuna chombo chenye dhambi ndani yake, basi hakuna chombo chenye utakatifu ndani yake pia. Hili nalo tulikubali, maana linatugusa sisi tunaopenda vitu vya kisasa na wale wanaopenda vya zamani.

Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa amri ya Mungu mwenyewe, na watu walipona walipomtazama. Mamia ya miaka baadaye watu walikuwa wakimfukizia uvumba, na Mfalme Hezekia akamvunja vipande (2 Wafalme 18:4), na Biblia inamsifu. Kitu kilichotoka kwa Mungu kabisa, kikageuka kizuizi. Kinanda cha Mkunazini ni cha kutunzwa, kwa sababu kina kazi ya mikono ya watu na sala za watu, na anayetupa urithi hovyo ni mjinga. Lakini siku watu watakaposema bila kile hawawezi kuomba, kimekuwa nyoka wa shaba. Na sisi tusicheke. Siku stima ikipotea Jumapili asubuhi, tazama nyuso zetu. Kuna ibada ambazo zimekufa palepale kwa sababu ya fyuzi.

Wale waliokuwa Azusa Street, Los Angeles, mwaka 1906, ambako historia yetu ya Kipentekoste ina mzizi mkubwa, walisimulia kwamba mwanzoni hawakuwa na vyombo vya muziki. Hawakuwa na kinanda wala gita, na moto ulishuka. Kwa hivyo asije mtu akatuambia Roho Mtakatifu anasubiri kinanda, na asije mwingine akatuambia anasubiri akogo ili ajisikie nyumbani Afrika. Anavuma apendako. Sisi ni mabomba, na upepo si wetu.

BASI TUFANYE NINI?

Ndugu wa akogo akija, tusianze na akogo. Tuanze naye. Anatembeaje na Bwana? Ana watu wa kumshika mkono? Yeye mwenyewe anaonaje moyo wake akishika chombo kile? Kisha tuulize kama katika kusanyiko yuko mtu ambaye ataanguka kwelikweli. Na kama yuko, tungoje, huku tukimlea huyo dhaifu apone, kwa sababu udhaifu si cheo cha kudumu. Kisha, vikishatulia, mpigie Bwana, ndugu yetu. Piga kama vile wengine wanavyopiga kinanda, bila kuomba radhi.

Itachukua muda, na pengine wengine hawatafurahi. Lakini afadhali tuchukue mwaka mzima kumsubiri mtu kuliko kuchukua dakika moja kumchomea mtu mikono yake.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Ni chombo gani, wimbo gani au mlio gani ambao mimi binafsi nikiusikia nakumbuka maisha ya zamani? Nimewahi kumweleza mtu?

2. Mara ya mwisho niliposema "nimekwazika", nilikuwa karibu kuanguka, ama sikupenda tu?

3. Ndugu aliyeokoka ambaye riziki yake ilikuwa kupiga muziki harusini na matangani: anaweza kuendelea kupiga huko kwa malipo? Wapi aende na wapi asiende, na nani amsaidie kupata kazi nyingine akiamua kuacha?

4. Katika kanisa letu na nyumbani kwangu, nani ndiye anayesukuma mivukuto bila kuonekana? Amelipwa? Ameshukuriwa?

MAOMBI

Bwana, wewe ndiwe uliyempa Yubali vidole na Daudi kinubi. Tusamehe pale tulipoita najisi kile ambacho hukukiita hivyo, na pale tulipoita safi biashara ambayo machoni pako ilinuka. Mlinde ndugu yetu dhaifu asianguke kwa sababu yetu. Mrudishe yule aliyeondoka kwa sababu tulimwambia aache kipaji chake mlangoni. Nyosha mizani zetu hapa mpakani. Tupe pumzi yako, maana bila hiyo sisi ni mabomba matupu. Katika jina la Yesu. Amina.